Ubao Ulioogeshwa Kuliko Watoto

Wiki iliyopita nilifungua sanduku la marehemu baba yangu mdogo, na kabla sijaona kilichomo, harufu ikanitangulia. Ni harufu ya mti uliokaa majini miaka mingi: ubaridi wa tope, kutu kidogo, na kitu kama chai iliyolala. Sijui ilitoka wapi, maana humo aliacha nguo mbili, miwani ya kupigia mbizi iliyopasuka mpira, madaftari, na futi ya kushonea ya baba yangu, imezungushwa vizuri na kufungwa kwa uzi mweusi. Niliishika ile futi nikaketi sakafuni, mtu mzima mwenye wajukuu njiani, nikalia kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Tulikaa Nyakabanda, mtaa wa Kigali, katika nyumba ya matofali ya udongo iliyopakwa chokaa mbele tu, kwa sababu, Bibi alisema, wageni hawaingii kwa nyuma. Baba alikuwa fundi cherehani. Yeye na Mama walishinda kwenye kibaraza cha duka moja huko juu barabarani, Baba akikata na kushona, Mama akitia vifungo na kupiga pasi ya mkaa. Nyumbani tulibaki mimi na Bibi, mama yake Baba, mwanamke mfupi mwenye maneno marefu. Bibi alikuwa na ugomvi na kila kitu: mbuzi wa jirani, redio, mvua iliyonyesha kabla nguo hazijakauka. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na niliamini kwamba hata jua lilichomoza mapema kwa kuogopa kugombezwa naye.

Baba Mdogo Zuberi alikuwa mdogo wake Baba, tumbo moja. Alifanya kazi Gisenyi, kwenye Ziwa Kivu, kazi ambayo niliieleza shuleni nikachekwa na darasa zima: aliingia chini ya maji kutengeneza maboti. Wavu ukinasa kwenye propela, yeye ndiye aliyezama kuukata. Siku moja akiwa huko chini aliona mbavu za chombo cha zamani, kilichozama hata kabla Bibi hajazaliwa. Mtu mwingine angepanda juu akaenda kula. Yeye alirudi kukitazama kila alipopata nafasi, hadi wenzake wakaanza kusema ana mwanamke huko chini.

Kisha akaja mzungu mmoja, mwalimu wa chuo kikuu huko Ulaya, mama wa makamo ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kuchunguza meli zilizozama. Sisi tulimwita Madamu. Alikaa ziwani wiki kadhaa, akamchukua Baba Mdogo wafanye kazi pamoja, akamfundisha kupima na kuchora chini ya maji. Alipoondoka aliruhusu ubao mmoja tu utolewe, akamwachia autunze na auchore. Akamwahidi kwamba atarudi, na akikuta ubao umetunzwa inavyotakiwa, atamtafutia nafasi ya kwenda kuisomea kazi ile hasa, aje kuwa mtafiti na si mkata nyavu. Baba Mdogo aliishikilia ahadi hiyo kwa mikono miwili.

Wakati huo vita vilikuwa vimeshaanza kule kaskazini na kazi ya maboti ikalala. Basi Baba Mdogo akafunga mizigo yake akaja Kigali, na ule ubao wake.

Nilifuatana na Baba kumpokea Nyabugogo, kwenye kituo cha mabasi. Basi liliingia likitoa moshi, na juu ya keria lake kulikuwa na kitu kirefu kama mimi, kimezungushiwa marikani nyeupe kisha shitingi ya buluu, lile turubai la plastiki, maji yakichuruzika kutoka ndani yake mpaka kwenye vioo vya madirisha. Wabeba mizigo walikishusha polepole mno, tofauti kabisa na walivyotupa magunia ya viazi. Mmoja alivua kofia.

"Pole ya musiba, kaka," alimwambia Baba Mdogo. "Maiti iko ya mutoto?"

Baba Mdogo alikuwa amegombania nafasi ya mzigo ule tangu asubuhi. Akainamisha uso.

"Hapana. Iko ya muzee," akasema. "Ila alikuwa mufupi."

Watu wakatupisha. Nyabugogo nzima, mahali ambapo hata mwenye mimba hapishwi, ikafungua njia katikati. Mama mmoja aliyeuza ndizi aliweka mkono kifuani. Baba aling'ata midomo mpaka machozi yakamtoka, nami nikaona machozi yale nikajua msiba ni wetu.

Sikuona kichekesho, na hakuna aliyenieleza. Nilikuwa na miaka minane. Kweli, tulipofika nyumbani nilimsikia Baba Mdogo akimwambia Bibi, "Ni ubao, Mama." Lakini nilijua tabia ya wakubwa. Mtoto wa jirani alipofariki walituambia amesafiri. Kwa hiyo nilifikiri kwamba ubao nao ni neno la adabu, la kutumiwa mbele ya watoto.

Baba Mdogo alipasua pipa kwa urefu, akaliegemeza kwenye ukuta wa jiko, akalijaza maji, akamlaza yule mzee ndani na marikani yake. Siku ya pili nilichungulia. Niliona mwili mweusi, mororo ukiugusa, na pembeni mwake mistari miwili ya matundu, yamepangana sawasawa. Mama Sifa wa nyumba ya pili alikuwa amepasuliwa hospitali na kunionyesha mshono wake bila kuombwa, nao ulikuwa hivyo hivyo. Nikaelewa yote. Mzee huyu alifanyiwa opareshoni, hakupona, akatumbukia ziwani. Kwamba alifanana na ubao halikunisumbua hata kidogo. Nilidhani mtu akikaa sana majini huwa hivyo.

Kisha ikaanza kazi ya maji. Kila asubuhi na kila jioni, nusu ya maji ya pipa ilimwagwa na mapya yakatiwa. Robine, bomba la maji la mtaa, ilikuwa chini kabisa ya mteremko, na kupanda na jerikani lililojaa ni jambo ambalo mgongo wangu unalikumbuka mpaka leo likija baridi. Baba Mdogo alibeba manne, mimi nikabeba dogo moja la lita kumi. Bibi alisimama mlangoni na birika la kutawadhia mkononi, akitutazama tunampita.

"Yewe Zuberi! Hii mbao yako inaoga kuliko watoto. Mimi sijatawadha, yeye ameshaoga mara mbili!"

"Mama, ikikauka inajikunja, inapasuka. Ikipasuka, kazi yangu imekwisha."

"Kazi gani? Kuogesha miti ni kazi? Umva, sikia, siku moja utarudi hapa utakuta nimeipikia maharage."

Hiyo ikawa salamu yao. Asubuhi Bibi alitishia kuipikia maharage, jioni akatishia kuipikia chai. Lakini siku robine ilipokauka na mtaa mzima ukashinda na foleni, nilimwona kwa macho yangu akichukua maji aliyoyaweka kwa ajili ya udhu wa Magharibi, akatazama huku na huku, akayamimina pipani. Kisha akatayamamu kwa vumbi la ukuta. Nilipomwangalia alinikata jicho nikakimbia.

Baba alikuwa wa kwanza kuuelewa ubao ule kweli. Jumapili moja alichuchumaa penye pipa na futi yake shingoni, akapima tundu kwa tundu, kimya, kama anayepima bega la mteja mgumu.

"Huyu alikuwa fundi," akasema. "Angalia. Kutoka tundu hii mpaka hii, na hii mpaka hii, haibadiliki. Mbao zake alizishona na kamba."

Baba Mdogo alifurahi hadi akampiga kaka yake bega. Alisema hilo ndilo Madamu anataka kulijua: ni nani aliyeshona boti kwenye ziwa lile, na ufundi huo ulitoka wapi. Baba akampa ile futi. Ilikuwa imezeeka, kitambaa kimelegea, haikufaa tena kwa suti za watu.

"Lakini jua, hii inadanganya. Kila mita inakula sentimita mbili."

"Haizuru. Bora inadanganya kila siku sawasawa. Nitapima yote na hii hii tu."

Mimi nikawa mshika futi. Baba Mdogo alitandika kamba uani akafanya miraba, akatawanya vijiko, kandambili na kifuniko cha sufuria, akanifundisha kazi yake pale kwenye vumbi kama tuko chini ya maji. Tulitembea polepole, mashavu yamejaa pumzi. Hairuhusiwi kunyanyua kitu hata kama ni kijiko cha nyumbani kwenu. Kwanza unatafuta vituo viwili visivyohama, unapima kutoka kituo cha kwanza mpaka kwenye kitu, unapima kutoka kituo cha pili, unaandika. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo kitu kilipo, hata dunia ikigeuka. Uani kwetu vituo vilikuwa viwili: jiwe la kufulia, ambalo lilikuwa limezama ardhini na hakuna aliyejua mwisho wake, na kona ya msingi wa choo. Bibi alipita katikati ya ziwa letu, akachukua kifuniko cha sufuria yake bila kupimwa, akaenda zake.

Nilimpenda sana Baba Mdogo miezi ile. Ndiyo maana ilinitesa kumwona akimwogesha yule mzee kila siku bila kumzika. Nilidhani ameshindwa kuachana naye. Jioni alikaa pale akimchora, akimfunua marikani kidogo kidogo na kumfunika tena, kwa mikono ya upole ambayo sijaiona kwa daktari yeyote. Mwanamume akikaa hivyo na maiti wake, nilifikiri, ni kwa sababu ana huzuni isiyosemeka.

Ndipo wiki moja mwalimu wetu wa madrasa akatufundisha haki za maiti. Anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa, anazikwa, na wala hacheleweshwi. Aliposema hacheleweshwi nilihisi masikio yakiungua. Sisi tulikuwa tumemchelewesha mzee wa watu tangu mvua za mwanzo. Ameoshwa mara mia. Sanda anayo. Kilichobaki ni kidogo tu, na hakuna mkubwa aliyekuwa na ujasiri wa kukifanya. Na siwezi kukataa kwamba mgongo wangu nao ulitoa ushauri.

Wiki hiyo hiyo barua ya Madamu ikafika. Yuko njiani, angefika kwetu Jumatatu. Baba Mdogo aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, akamnyanyua Bibi juu na kumzungusha mpaka kilemba kikaanguka. "Mama, Jumatatu! Akiikuta nzuri, nakwenda!" Nilichoelewa mimi ni kwamba mgeni wa heshima anakuja, na atamkuta marehemu wetu hajazikwa. Niliona aibu kwa niaba ya nyumba nzima.

Nikachagua Ijumaa mchana. Wanaume wote walikuwa msikitini. Bibi alibandika maharage, akaswali Adhuhuri yake, akajinyoosha kitandani na kuanza kukoroma. Nilijua wanawake hawaendi kuzika. Nilijiambia kwamba mimi bado si mwanamke, mimi ni Dija.

Nilichimba kwenye migomba nyuma ya jiko, mahali maji ya kuoshea vyombo yalipotuama. Ningependa kusema nilipachagua kwa busara, lakini ukweli ni kwamba jembe liliingia kirahisi. Nilimtoa pipani nikamlaza kwenye mkeka, uzito wake kama jerikani langu, nikamburura. Shida ilikuwa kumlaza kwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Ubavu wa kulia wa marehemu ni upi? Nilimzungusha mara tatu. Mwishowe nikakumbuka Mama Sifa alishonwa kushoto, basi nikaweka matundu juu, nikaona ni sawa. Nilisoma Fatiha, nikasoma na sura nyingine mbili nilizozijua, moja nikaikosea nikairudia. Kisha nikafukia.

Halafu nikaenda kuchukua futi. Sikuona kama ni ajabu. Baba Mdogo angetaka kuja kuzuru, na bila kipimo angezuru wapi? Nilifunga ncha kwenye kijiti penye jiwe la kufulia, nikavuta, nikahesabu futi nzima na sentimita zilizobaki, nikaenda kwenye kona ya choo nikafanya hivyo hivyo. Nikaandika yote kwenye daftari la hesabu, nikachora migomba, nikachora mshale wa kibla. Nilinawa mikono nikakaa kumngoja anishukuru.

Walirudi wakiwa wanacheka, Baba na mdogo wake, wananukia mafuta ya Ijumaa. Kisha nikasikia kicheko kimoja kimekatika. Baba Mdogo alisimama mbele ya pipa lenye maji matupu. Akageuka polepole akatazama jikoni, ambako sufuria ya maharage ilikuwa inatokota juu ya moto mzuri mwekundu.

Bibi alitoka akijifunga kilemba.

"Mama," akasema Baba Mdogo, na sauti haikuwa yake. "Umepika na mti yangu?"

"Nini?"

"Kila siku ulisema! Kila siku! Sasa Jumatatu nitamwonyesha nini yule, majivu?"

Hakuwa amewahi kumpandishia mama yake sauti. Baba alimshika mkono, akaukwepa. Bibi, aliyekuwa na jibu kwa mbuzi na kwa mvua, alikaa kwenye kigoda akiwa amezitazama kandambili zake. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nimefanya jambo baya, ingawa sikujua ni lipi.

"Bibi hakupika," nikasema. "Ni mimi. Nimemzika."

"Umefanya nini?"

"Nimemzika muzee. Nimemsomea na Fatiha."

Nilisikia maharage tu. Nililitoa daftari nyuma ya mgongo, nikiwa na uhakika kwamba nitapigwa, na kwamba yule niliyempenda hatanipenda tena, hilo la pili likiniogopesha zaidi. Baba Mdogo alipiga magoti mbele yangu, macho yake mekundu yakawa sawa na yangu.

"Dija. Ulipima?"

"Ndiyo."

"Kutoka wapi?"

"Jiwe la kufulia. Na choo."

Alichukua daftari akalisoma. Alilitazama kwa muda mrefu, mpaka mabega yakaanza kumcheza, nami sikujua kama analia au anacheka, na nafikiri hata yeye hakujua. Kisha alikwenda kwa Bibi, akakaa chini miguuni pake, akaweka kichwa chake magotini mwake.

"Nisamehe, Mama."

"Toka hapa," akasema Bibi, na mkono wake tayari ulikuwa kichwani mwake. "Nenda ukamfukue huyo baba yako wa pili kabla hajaoza."

Tulifuata namba zangu. Baba Mdogo alikataa jembe, tukafukua kwa vijiko vya Bibi, na kila kijiko alisema, "Polepole, Dija, polepole." Tope lile la migomba lilikuwa baridi na limelowa kama ziwa lenyewe. Tulipoifungua marikani ubao ulikuwa mzima, unang'aa, matundu yake yote wazi. Wakati huo ndipo nilipoelezwa kila kitu tangu mwanzo, nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kaburi na tope mpaka magotini. Niliuliza kama basi Fatiha yangu imepotea bure. Baba akasema haipotei, itamfikia fundi aliyeushona.

Jumatatu Madamu akaja. Nilitegemea Baba Mdogo afiche, lakini alimweleza yote kwa Kifaransa chake cha kuunga, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya gauni la Bibi. Madamu aliomba daftari. Aliuliza mshale ule unaonyesha nini, akaambiwa kibla. Akatoa dira yake mfukoni, akaiweka juu ya mchoro wangu. Yeye na wenzake huchora mshale wa kaskazini, na mshale wangu na wake haikupishana sana. Alijua Kiswahili cha Kongo kidogo.

"Hii mutoto," akamwambia Baba Mdogo, "anaandika muzuri kupita wewe." Halafu akasema kwamba hata huko kwao, mtu akikosa mahali pa kutunzia mti wa majini, huurudisha kwenye tope, anaandika, anaondoka. Bibi alidai atafsiriwe hayo mara mbili. Kisha akauliza kwa nini basi mwanawe na mjukuu wake walivunjika migongo.

Baba Mdogo akapata nafasi yake. Wiki ya kuondoka tuliuzika ubao tena, safari hii jamaa wote tukiwepo. Tulipima mimi na yeye kwa ile futi inayodanganya, tukaandika nakala mbili, moja yangu, moja yake, na futi nikaachiwa mimi. Bibi alimwaga mwenyewe birika la maji juu ya kaburi, akakung'uta mikono.

"Mupumzike, muzee," akasema. "Na mimi nipumzike."

Halafu ukaja mwezi wa nne wa mwaka wa tisini na nne, ambao kila mtu wa rika langu anaujua, na sina haja ya kuwaeleza. Siku tulipotoka nyumbani, Bibi alikataa kuharakishwa. Alisema tutangulie, atatufuata na Mama Sifa. Aligombana na Baba mpaka tukatangulia. Nilikuwa nimeichukua futi na daftari, nimezifunga kiunoni ndani ya gauni, sijui kwa nini hizo na si kitu kingine. Sisi watatu, mimi na Baba na Mama, tulipona. Bibi hatukumwona tena, wala hatukupata mtu wa kutuonyesha alipolala.

Baba Mdogo alirudi kutoka masomoni mwaka huo huo, amekonda, na nakala yake mfukoni. Nyumba ilikuwa imelala chini, migomba imekatwa, choo kimebomoka. Jiwe la kufulia lilikuwepo. Tulifyeka majani tukaipata kona ya msingi. Nilishika ncha, yeye akavuta, mistari ikakutana, tukachimba kwa mikono. Ubao ulikuwa pale pale katika marikani yake. Baba Mdogo aliufuta tope kwa kiganja, akakaa kando yake, na ndipo akalia ambavyo hakuwa amelia mbele ya watu.

"Mbao tunajua iko wapi mpaka sentimita, Dija," akasema. "Mama hatujui hata ni mulima gani."

Aliifanya kazi yake miaka mingi baada ya hapo, katika maziwa na pwani za watu. Futi aliniomba, akaenda nayo kila mahali, wenzake wakiwa na vyombo vya umeme vinavyopima vyenyewe. Ubao ule ulipata mahali pazuri pa kutunzwa, na karibu nao kuna mchoro wake wenye mishale miwili, wa kaskazini na wa kibla, kwa sababu aligoma kuufuta wa pili. Kila aliponipigia simu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Ulipima?" Nami nilijibu, "Nimepima," hata kama nilikuwa nachambua mchele.

Mwezi uliopita wanaume walimchukua kwenda kumzika, nami nikabaki nyumbani na wanawake wenzangu, kama desturi yetu ilivyo. Safari hii sikuwa tena Dija tu. Lakini baada ya kufungua lile sanduku nilikwenda makaburini asubuhi, peke yangu, na futi mkobani. Nilitafuta vituo viwili visivyohama. Mlinzi wa makaburi, mzee mpole, alinifuata akiwa na wasiwasi.

"Mama, unapima nini? Iko shida ya mupaka?"

"Hapana, mzee. Napima baba yangu mdogo."

Alinitazama kidogo, akainama, akanishikia ncha. Nikapima kutoka nguzo ya geti, nikapima kutoka msingi wa tangi la maji, nikaandika namba zote mbili katika daftari lake la mwisho, nikachora na mshale. Kisha nikafungua ukurasa wa pili. Nikaandika jina la Bibi, lote, pamoja na la baba yake. Chini yake nikaandika: Kutoka. Na chini yake tena: Kutoka. Nikaacha nafasi ya namba.